Umri wa simba huamuliwa kwa darubini kabla ya bunduki

KILA ifikapo Julai 1, msimu wa utalii wa uwindaji unapofunguliwa nchini, mjadala wa umma huelekea mahali pamoja: ada za vitalu, bei za nyara, na nani kapata kitalu gani katika mnada. Ni mjadala halali, kwa kuwa rasilimali inayozungumzwa ni ya taifa. Hata hivyo, lipo swali dogo linalopita bila kuulizwa, nalo lina uzito katika kuamua kama uwindaji huo utakuwapo miaka 20 ijayo. Je, aliyeshika bunduki alimwona vizuri mnyama kabla ya kufyatua?

Swali hilo linatokana na sheria yenyewe. Kanuni za utalii wa uwindaji zilizotungwa mwaka 2010, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, pamoja na zile zilizofuata, zinataka simba anayewindwa awe dume mwenye umri usiopungua miaka sita. Chui naye awe dume, na kiwiliwili chake, kuanzia ncha ya pua hadi shina la mkia, kisipungue mita 1.3. Tembo awe na pembe yenye uzito usiopungua kilo 20 au urefu usiopungua sentimita 160.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachoweza kuchukuliwa kwa futi au kwa mizani mnyama akiwa hai. Vyote hukadiriwa kwa jicho, kutoka mbali, ndani ya dakika chache, na mara nyingi mwanga ukiwa hafifu. Futi na mizani huja baadaye, mnyama akiwa amekwisha kufa. Hapo kosa linaweza kuadhibiwa, lakini haliwezi tena kurekebishwa.

Kifaa kinachosimama kati ya sheria na risasi ni darubini. Hapa hatuzungumzii ile ndogo inayofungwa juu ya bunduki. Tunazungumzia darubini ya macho mawili inayoning'inizwa shingoni, na zaidi darubini ndefu ya bomba moja inayowekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, ambayo hukuza sura ya kitu mara 15 hadi mara 60. Kifaa hiki kimezoeleka kuonekana kama anasa ya mgeni mwenye fedha. Uchambuzi huu unakitazama kama kifaa cha kutekeleza sheria, na unauliza ni cha aina gani kinachofaa katika nchi kama ya bonde la Mbwemkuru, na kinapaswa kuwa mikononi mwa nani.

Nchi ya miombo na macho ya mwindaji

Mto Mbwemkuru, ambao jina lake ni pia jina la kata mojawapo ya Wilaya ya Ruangwa, hupita katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kati ya Kilwa na Lindi. Kaskazini-magharibi iko Liwale, na ng'ambo ya Liwale ni Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilimegwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kusini ziko Masasi na Nanyumbu, yalipo mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule, kisha Mto Ruvuma na hifadhi kubwa ya Niassa nchini Msumbiji. Kwa maneno mengine, wilaya hizi ziko katika njia ya wanyama wanaotembea kati ya mifumo miwili mikubwa ya uhifadhi barani Afrika.

Mtu wa mjini anaposikia uwindaji hufikiria mbuga ya Serengeti, nyasi fupi na upeo usio na mwisho. Kusini si hivyo. Hii ni nchi ya miombo, ambako miti imesimama kwa karibu na nyasi za mwanzo wa kiangazi humfika mtu kifuani. Mwezi Julai mtazamo ndani ya msitu huo huishia hatua chache mbele. Ni baada ya nyasi kuungua au kulala, na majani ya miti kupukutika kuelekea Septemba na Oktoba, ndipo nchi hufunguka kiasi.

Ushauri mwingi unaopatikana duniani kuhusu darubini za uwindaji umeandikwa na watu wa milimani, ama wa magharibi mwa Marekani, ama wa Alps barani Ulaya. Huko mwindaji huketi upande mmoja wa bonde akimtafuta mnyama upande wa pili, umbali wa kilomita moja au zaidi. Darubini yenye lenzi kubwa na uwezo wa kukuza mara 60 hupata kazi kutwa nzima. Anayeibeba darubini hiyo hadi kwenye miombo atagundua mapema kuwa amebeba mzigo ambao kwa saa nyingi za siku hauna kazi.

Katika msitu wa namna hii, kazi ya kumtafuta mnyama hufanywa na darubini ya macho mawili. Ile inayokuza mara 8 au mara 10, yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Darubini ya bomba moja si ya kutafutia bali ya kuhakikishia. Kazi yake huanza pale mnyama anapokuwa amekwisha kuonekana na swali likabaki: ni dume au jike, ni mzee au kijana?

Maeneo ya kuuliza swali hilo kwa utulivu ni machache lakini yanajulikana. Kuna mchanga wa mto, ambao hujitokeza maji yanapopungua wakati wa kiangazi. Kuna mbuga za majani zilizo mabondeni, wanakotoka tohe, kuro na palahala asubuhi na jioni. Kuna miamba inayochomoza juu ya msitu, ambayo humpa mtazamaji upeo. Na kuna chambo, yaani mzoga uliofungwa mtini mbele ya maficho, ambao hutumika kuwavuta simba na chui. Anayenunua kifaa na akinunue kwa ajili ya maeneo hayo manne.

Mwanga kwanza, ukuzaji baadaye

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kudhani kuwa darubini inayokuza zaidi ndiyo inayoonyesha zaidi. Hesabu ya darasa la saba inatosha kuonyesha kwa nini si kweli. Ukigawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa idadi ya ukuzaji, unapata upana wa mwali wa mwanga unaofika jichoni. Darubini yenye lenzi ya milimita 80, ikikuza mara 20, hutoa mwali wa milimita 4. Ikikuza mara 60, mwali huo hushuka hadi milimita 1.3 tu.

Mboni ya jicho la binadamu wakati wa jua kali huwa na upana wa milimita mbili hadi tatu hivi, na wakati wa magharibi hupanuka hadi milimita tano au zaidi. Maana yake ni kwamba katika saa ambazo simba na chui huja kwenye chambo, jicho linaomba mwanga mwingi na darubini iliyokuzwa mpaka mwisho inalinyima. Picha inakuwa kubwa lakini yenye giza, na alama zinazotofautisha umri hupotea humo. Kwa kuwa sheria inakataza kuwinda usiku, mwindaji hana saa nyingine za kusubiri. Dakika hizo chache za mwanga wa mwisho ndizo zake.

Kosa la pili ni kusahau joto. Kuanzia saa nne asubuhi hewa juu ya ardhi iliyopata moto huanza kucheza, na mazigazi hutikisa kila kitu kilicho mbali. Hali hiyo haiondolewi na lenzi ya bei yoyote ile. Ukuzaji mkubwa huikuza pamoja na mnyama. Katika mchanga wa mto wakati wa adhuhuri, ukuzaji wa mara 25 au 30 mara nyingi huonyesha mengi kuliko ule wa mara 60.

Kutokana na hayo, kwa mazingira ya Mbwemkuru darubini ya lenzi ya milimita 65 yenye ukuzaji unaobadilika, kwa mfano mara 15 hadi 45, inafaa kuliko ile kubwa ya milimita 80 au 85. Ikiwa katika mara 15 hutoa mwali wa milimita 4.3, ambao unatosha magharibi. Uzito wake huwa kati ya kilo moja na kilo moja na nusu, wakati ile kubwa hukaribia kilo mbili au kuzizidi, na kila gramu hubebwa begani. Kuhusu umbo, ile ambayo sehemu yake ya kuchungulia imeinama huruhusu watu wa vimo tofauti kutazama kwa zamu bila kupandisha stendi. Jambo hilo ni la maana pale ambapo watatu wanatakiwa kukubaliana juu ya mnyama mmoja: mgeni, mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori.

Lipo pia suala la hali ya hewa. Lindi ni mkoa wa pwani, na unyevunyevu wake huotesha kuvu ndani ya vioo. Darubini iliyofungwa barabara na kujazwa gesi ya naitrojeni hudumu, na isiyofungwa hivyo huanza kuona ukungu baada ya masika machache. Anayechagua kati ya ukuzaji mkubwa na kufungwa barabara na achague la pili.

Stendi si nyongeza

Kama kuna kitu kinachodharauliwa kuliko vyote katika ununuzi huu, ni stendi. Watu hutoa maelfu ya dola kwa darubini, kisha huisimamisha juu ya miguu ya bei ya chini kabisa. Darubini inayokuza mara 40 hukuza mtikisiko mara 40. Pumzi ya mtazamaji, upepo wa kusi unaovuma katika miezi ya mwanzo ya msimu, hata hatua za mtu anayepita karibu, vyote huonekana ndani ya kioo. Darubini ya wastani juu ya stendi imara huonyesha umri wa simba kuliko darubini bora juu ya stendi inayocheza.

Sifa za kutafuta ni chache. Stendi iwe na uwezo wa kubeba angalau mara mbili ya uzito wa darubini. Miguu yenye vipande vitatu ni imara kuliko yenye vipande vitano, kwa sababu kila kiungo ni mahali pa kulegea. Nguzo ya katikati isipandishwe isipokuwa kwa shida, kwa kuwa huigeuza miguu mitatu kuwa mguu mmoja. Chini ya nguzo hiyo pawepo ndoano ya kutundikia mfuko wa mchanga au mawe siku ya upepo. Kichwa cha stendi kiwe kile kinachogeuka polepole kwa mkono mmoja, ili mtazamaji amfuate mnyama bila kuruka.

Nyuzi za kaboni ni nyepesi na hutuliza mtikisiko haraka, lakini ni ghali. Alumini ni nzito kidogo, ni ya bei nafuu, na fundi wa Nachingwea mjini anaweza kuinyoosha. Mchanga wa mtoni huingia katika vifungo vya kusokota na kuvisaga, hivyo vile vya kubana, ambavyo hufunguka na kusafishwa kwa urahisi, vina nafuu yake.

Neno moja la usalama lisisahauliwe. Wapo wanaosema kuwa darubini iliyo juu ya bunduki inatosha kwa kazi zote. Anayetazama kwa darubini ya bunduki anakielekezea mtutu kila anachokitazama. Katika msitu ambao wanakijiji huingia kutafuta asali, uyoga, kuni na dawa, kile kinachotingisha kichaka kinaweza kuwa binadamu. Kutazama na kulenga ni matendo mawili, na yanastahili vifaa viwili.

Kwa nini miaka sita

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini serikali ijisumbue na umri wa simba. Jibu liko katika maisha ya simba wenyewe. Dume akiuawa wakati ana familia, madume wengine huichukua, na desturi yao ni kuwaua watoto waliowakuta ili majike washike mimba upya. Risasi moja basi huweza kuondoa dume mmoja na kizazi kizima. Dume aliyefikisha miaka sita amepata nafasi ya kulea angalau kizazi kimoja hadi kikajitegemea.

Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi kwa takwimu za simba wa Tanzania walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba, ikiwa wanaowindwa ni madume wakubwa peke yao, idadi ya simba haitatikiswa sana na uwindaji. Mwaka 2011 uchunguzi mwingine ulionyesha upande wa pili wa shilingi. Idadi ya simba waliowindwa nchini ilikuwa imeshuka kwa nusu kati ya mwaka 1996 na 2008, na watafiti wakataja uwindaji wenyewe kuwa sababu kuu. Walipendekeza simba wasiozidi mmoja kwa kila kilomita za mraba 1,000 katika vitalu vya Selous, na nusu ya hapo kwingineko.

Niassa, ng'ambo ya Ruvuma, ilianza kutumia kanuni ya miaka sita kabla ya Tanzania, kwa mfumo wa alama ambao kitalu kinachoua simba wachanga hupunguziwa mgao wa msimu unaofuata. Kanuni hiyo inampa mwindaji sababu ya kifedha ya kusubiri na kutazama mara ya pili.

Lakini kutazama nini? Hapa ndipo kusini kuna mtego wake. Watu wengi humkadiria simba kwa manyoya ya shingoni, wakiamini kuwa mwenye manyoya mengi na meusi ni mzee. Simba wa nyanda za joto za Selous na maeneo jirani hujulikana kwa manyoya machache hata wakiwa wazee. Anayetumia kipimo cha Serengeti huku atakosea pande zote mbili. Alama nyingine ni ndogo zaidi: pua ambayo huanza na rangi ya waridi na kuwa na madoa meusi kadiri umri unavyosonga, makovu ya usoni, meno yaliyopata rangi ya njano na kulika, mdomo wa chini uliolegea. Hakuna alama moja inayotosha peke yake, na nyingi ya hizo hazionekani kwa macho matupu wala kwa darubini ya mara 8 kutoka mbali. Zinaonekana kwa darubini iliyotulia juu ya miguu mitatu.

Ndivyo ilivyo pia kwa wanyama wengine. Palahala dume na jike wote wana pembe. Weusi wa ngozi humtambulisha dume mkubwa, lakini dume kijana hufanana na jike. Nyati dume asiyekomaa ana pembe pana zinazovutia, ila kitako cha pembe hizo juu ya paji la uso bado ni laini na kina manyoya katikati. Mwindaji asiye na subira huona upana. Mwenye darubini huona kitako.

Sheria hupima baada ya risasi

Udhaifu wa mfumo uko hapa. Baada ya simba kuuawa, fuvu na meno yake hukaguliwa, na picha za eksirei zinaweza kuonyesha jinsi uwazi ulio ndani ya jino ulivyozibika kwa umri. Ni utaratibu mzuri, lakini humfikia mnyama akiwa nyara. Kabla ya hapo, anayewakilisha umma porini ni askari wa wanyamapori anayeambatana na msafara. Yeye ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha kuwa sheria inafuatwa.

Askari huyo anahitaji macho yake mwenyewe. Asipokuwa na darubini, hutazama kwa ile ya mgeni au ya mwindaji bingwa, baada ya wao kumaliza kutazama, ikiwa watampa. Anaombwa kukubali umri wa mnyama ambaye ameonyeshwa na upande wenye maslahi ya kumuua. Hata akiwa mwadilifu kiasi gani, msimamo wake ni dhaifu. Refa anayetegemea saa ya timu moja hawezi kulaumiwa kwa makosa yake, lakini wala hawezi kuaminiwa.

Linganisha gharama. Safari ya kuwinda simba nchini ni ya siku 21, na mgeni huilipia makumi ya maelfu ya dola. Darubini za kampuni mashuhuri za Austria, Ujerumani na Japani huweza kuzidi dola 3,000, lakini zipo za milimita 65 zinazotosha kwa kazi hii kwa dola mia kadhaa, na stendi imara kwa fedha pungufu ya hizo. Sehemu ndogo sana ya mapato ya safari moja ingemnunulia askari macho ya kutumia kwa miaka 10. Zaidi ya hapo, kishikizo cha kuunganisha simu na darubini ni kitu cha bei ndogo. Picha ya mnyama akiwa hai, iliyopigwa kabla ya risasi na kuwekwa katika jalada pamoja na eksirei ya jino, ingemsaidia mwindaji mwaminifu kujitetea na ingemnyima mdanganyifu nafasi ya kudanganya.

Wapo watakaosema kuwa tatizo si vioo bali uwindaji wenyewe, na kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hoja hiyo ina uzito wake, na matukio ya karibuni yameiongezea. Kati ya mwaka 2023 na 2024, tembo madume kadhaa wenye pembe kubwa waliuawa na wawindaji upande wa Tanzania, katika eneo la Enduimet karibu na mpaka, na watafiti wa Amboseli wakalalamika kuwa ni miongoni mwa tembo waliofuatiliwa kwa miongo mingi. Hapo darubini haikuwa na kosa. Pembe zilipimwa, na kipimo cha sheria kilitimia. Kilichokosekana ni makubaliano kati ya nchi mbili juu ya tembo wanaovuka mpaka. Kifaa humsaidia mtu kutii kanuni, lakini hakiwezi kuponya kanuni yenye upungufu. Ila nchi iliyoamua kuruhusu uwindaji haina udhuru wa kuuendesha kwa kubahatisha.

Macho ya kijiji

Suala hili lina sura nyingine inayowagusa wananchi wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale kuliko biashara ya wageni. Mwaka 2005 watafiti walichapisha hesabu kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini na kujeruhi wengine zaidi ya 308. Lindi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Chanzo kikubwa kilikuwa nguruwe pori. Nguruwe hufuata mazao, mkulima hulala kwenye dungu kulinda shamba lake, na simba anayemfuata nguruwe humkuta binadamu. Tembo nao wameendelea kuingia mashambani katika wilaya hizi, na maneno "kifuta jasho" na "kifuta machozi", yaliyowekewa kanuni mwaka 2011, yamekuwa sehemu ya lugha ya vijijini.

Simba anapoua mtu, askari huitwa kumuua mnyama hatarishi. Ni yupi? Katika hali ya hofu na hasira, simba wa kwanza kuonekana ndiye hulipa. Asipokuwa mwenyewe, kijiji hulala kwa amani ya uongo, na muuaji hurudi. Anayemjua simba kwa kovu la pua, sikio lililochanika au mwendo wa kuchechemea, kwa sababu alimtazama kwa utulivu siku zilizotangulia, ana nafasi ya kumpata aliye sahihi. Ndivyo ilivyo kwa tembo. Kundi linalovamia mashamba mara nyingi lina vinara wake, na kuwatambua vinara hao ni hatua ya kwanza ya kuwafukuza bila kuua ovyo.

Askari wa wanyamapori wa vijiji ndio wanaofika kwanza katika matukio hayo. Darubini moja ya milimita 65, stendi moja ya alumini na mafunzo ya siku chache ya kusoma umri na alama za mnyama, vikigawiwa kwa kila kata iliyo katika njia za wanyama, si mradi wa kusubiri wafadhili. Ni ununuzi ambao halmashauri ikipanga inaweza kuumudu.

Kwa upande wa uwindaji wa kitalii, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, ina mambo matatu ya kuyafanyia kazi. La kwanza ni kumpa kila askari anayeambatana na msafara darubini na stendi zilizo mali ya umma, zisizotegemea hisani ya mgeni. La pili ni kudai picha ya mnyama akiwa hai kwa simba, chui na tembo, pale mazingira yanaporuhusu. La tatu ni kutoa miongozo ya umri iliyoandaliwa kwa kila ukanda, ili simba wa Selous asipimwe kwa manyoya ya simba wa Serengeti.

Hesabu ya Selous inatukumbusha gharama ya kutoona. Tembo waliokadiriwa kuzidi 100,000 mwaka 1976 walihesabiwa 13,084 mwaka 2013. Waliowamaliza hasa ni majangili, na darubini ya askari mmoja isingewazuia. Lakini taifa lililopoteza kiasi hicho halina tena wanyama wa kupoteza kwa makosa ya kukadiria. Msimu ujao utakapofunguliwa, pamoja na kuuliza kitalu kimeuzwa kwa shilingi ngapi, wananchi na wabunge wao waulize pia askari aliyeandamana na msafara alitazama kwa macho ya nani.